Mwaka Thora Iveson Alipokuwa Ua wa Mlima

Juu ya kijiji cha Hawkrigg, mlima hauna ua wala uzio. Kondoo wa kila shamba hukaa upande wao kwa sababu walizaliwa pale, na mama zao kabla yao. Ujuzi huo hauuzwi mnadani. Kwa hiyo ugonjwa wa miguu na midomo ulipomwachia Thora Iveson, mjane, zizi tupu, majirani hawakuwalilia kondoo tu. Walililia kumbukumbu iliyoteketea pamoja nao.

Thora akanunua kondoo wengine bondeni.

"Kubali yaishe, bibie," alisema Clifford Peacock, jirani yake mlimani, ambaye kundi lake lilinusurika. "Hao wageni watatapakaa mpaka Skotilandi."

"Wakifika watakutumia salamu."

Kikao cha wafugaji kilikuwa kikali zaidi. Kiliamua kwamba siku ya kuwashusha kondoo wote, majira ya kupukutika majani, kondoo wake wakikutwa katika malisho ya wenzake, itambidi awaondoe wote mlimani. Na pale Hawkrigg, shamba lisilo na mlima si shamba.

Basi Thora akageuka kuwa ua. Tangu majira ya kuchipua alisimama na mbwa wake, Moss, kwenye kijito kilichokuwa mpaka wake na Clifford, mvua ikimpiga usoni, akiwarudisha majike na watoto wao kila walipojaribu kuvuka. Jibini na keki yake ya matunda alizila akiwa wima.

"Thora, umeshaota mizizi?" wapita njia walimpigia kelele.

"Bado maua!"

Lililomtisha halikuwa mvua. Kadiri kondoo walivyotulia, ndivyo alivyozidi kujiuliza kama walikuwa wameujua mlima, au walikuwa wamemjua yeye tu. Njia ya kupata jibu ilikuwa moja, nayo ilimuuma kuliko kazi yote: kuondoka. Magugu ya mlimani yalipoanza kugeuka kahawia, akashuka, akamfunga Moss uani, akashika kazi ya kuujenga upya ukuta wa mawe uliobomoka, mgongo wake ukiwa umeelekea mlima. Mara nyingi alisimama na jiwe mkononi, shingo ikitaka kugeuka. Hakugeuka.

Siku yenyewe ilikuja na ukungu. Wafugaji walipanda, miluzi ikaitikiana, na kundi la Clifford likawa la kwanza kuingia katika zizi la pamoja. Thora aliegemea lango, akitafuta begani mwa kila kondoo alama nyekundu ya shamba lake. Buluu, alama ya Clifford. Buluu tena. Buluu tupu, hadi wa mwisho. Wake hawakuwa wamevukia kwa Clifford, lakini hawakuonekana popote.

Kisha ukungu ukapasuka. Kando ya kijito, upande wake kabisa, mabega mekundu yakateremka, majike mbele, watoto wakirukaruka nyuma. Na katikati yao, bila haya wala wasiwasi, akitafuna, kondoo mmoja mnene mwenye alama ya buluu.

Zizi zima likaangua kicheko.

"Clifford," Thora akaita, "huyu mgeni umemnunua wapi?"

Clifford akavua kofia, akajikuna. "Huyo? Amezaliwa hapahapa, mama yake pia. Sijui amerogwa na nini."

"Majani mazuri, mzee. Haya, mtoe kabla kikao hakijakaa!"

Clifford akajitosa kundini, akamshika yule kondoo pembe, akavuta. Kondoo akakita kwato. Wanaume wakagonga lango kwa viganja, wakimshangilia kondoo.

Thora hakumsaidia. Alikuwa anacheka mno.