Ni Mimi Niliyemtoa Mwalimu Nje

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ile ya katikati ya jiji, Matroni hakunipa sindano. Alinipa vitambaa vyeusi na gundi, akaniambia nizibe kila ufa wa dirisha la chumba cha mwisho. "Sista, hapa adui ni mwanga," akasema. Nilikuwa nimetoka hospitali ya serikali, miaka kumi na minne wodi ya upasuaji, nikadhani mama huyu ananichezea.

Nyinyi wauguzi wa leo, hebu niwaeleze. Tulipokea watu ambao saratani ya mdomo au koo ilikuwa imewarudia baada ya upasuaji na mionzi. Tulimdunga mgonjwa dawa kwenye mshipa, tukangoja siku nne ijikusanye kwenye uvimbe, kisha Daktari Mkuu akaumulika kwa leza, mwanga mwekundu mwembamba. Dawa ikiguswa na mwanga huo huua saratani. Lakini ngozi nzima nayo huwa na dawa, kwa hivyo wiki mbili mgonjwa hukaa gizagiza. Hata kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni tulikihamisha kila mara, maana taa yake ndogo ingeweza kumchoma. Kulinda giza hilo ilikuwa kazi yangu.

Julai moja akaja Mwalimu Wafula, mstaafu wa mtaa wa Woodley, mwenye saratani ya ulimi. Kwingine walitaka kuukata, naye alikuwa msomaji wa Neno kanisani. Siku ya pili baada ya sindano akaanza kunibembeleza.

"Sista, nitoe hapo veranda kidogo. Jua liko wapi? Wewe mwenyewe umevaa sweta mbili."

Nikachungulia. Kweli, mawingu matupu na baridi ya kuuma mifupa. Na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kwamba mawingu hayazuii kitu! Nikasema, "Haya, dakika tano, Mwalimu." Tukaanza stori za watoto wetu, chai ikaja, dakika tano zikawa karibu saa nzima.

Jioni uso wake ulikuwa umefura, mikono imejaa malengelenge. Daktari Mkuu akaingia amewaka. "Nani amemtoa huyu mzee?"

Mwalimu akajibu, "Ni mimi, Daktari. Sista alienda kuleta chai, nikachomoka."

Mkewe, Mama Nekesa, alikuwa amesimama mlangoni. "Ai, Baba Nekesa! Huo ubishi wako utakuua!"

Nami nikanyamaza. Niliogopa kufutwa kazi. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa alitoka bila ruhusa, kwa mkono wangu huu, haki.

Leza ilifanywa siku yake, uvimbe ukanywea, akarudi nyumbani akiongea. Alisoma Neno mwaka mzima na zaidi, makovu mikononi, kabla ugonjwa haujarudi kumchukua.

Nilipostaafu, Mama Nekesa alikuja kwenye chai ya kuniaga. Akanikumbatia. "Sista, msamehe mzee wangu. Nilimgombeza juu ya ile mikono mpaka siku ya mwisho. Nikimwambia, ona vile ulimwaibisha Sista wa watu. Yeye anacheka tu."

Nikamwambia, "Yameisha, mama." Yameisha! Nikamsamehe marehemu kwa kosa langu mwenyewe.

Siku hizi vyuo hunialika nizungumzie maadili ya kazi, nami huenda na kupigiwa makofi. Naona aibu isiyosemeka. Mama Nekesa bado anaishi Woodley, nusu saa kwa miguu kutoka kwangu. Sijaenda.