Gari la Ndimu

Juzi jirani alikuwa akitia mafuta cherehani yake upande wa pili wa dirisha langu, na harufu ile nyembamba, yenye ukali wa chuma, ikaingia chumbani kabla sijatambua kwamba naisikia. Kwa watu wengi ni harufu ya nguo mpya. Kwangu mimi ni harufu ya reli. Mniwie radhi nikieleza kwa utaratibu. Nimezoea kuthibitisha kila hatua kabla ya kwenda kwenye inayofuata, na siku hizi sina uwezo mwingine.

Katika miaka ya hamsini tuliishi Chumbageni, katika nyumba yenye uani mpana uliozungushiwa ukuta. Baba yangu alikuwa fundi wa matroli katika shamba moja la mkonge. Jioni moja alirudi na mikanda ya chuma ya kufungia marobota, iliyokatika na kutupwa. Akainyoosha kwa nyundo, akaisimamisha kwa ubavu juu ya vipande vya mlingoti wa mkonge vilivyokuwa mataruma, akatandika reli kutoka chini ya mdimu hadi kwenye kizingiti cha chumba chao, yeye na mama. Haikuwa na daraja wala njia panda. Ilipita kati ya matuta mawili ya mchicha, ikapinda mara moja kuukwepa mrehani, ikafika. Behewa lilikuwa kopo la samaki lililowekewa magurudumu ya mbao. Kichwa cha gari kilikuwa kopo jingine, lenye bomba la bati lisilotoa moshi.

Raha yake ni vigumu kuieleza bila kuikuza. Ardhi iliteremka kidogo kutoka mdimuni, basi ukilitia gari mafuta ya cherehani na kuliachia, lilikwenda lenyewe. Lilianza polepole kama mtu anayefikiri, likagonga viungo vya reli, tak, tak, likainama kidogo kwenye kona, majani ya mchicha yakalipangusa ubavuni, likatua kizingitini. Ukalivuta kwa kamba ya katani, ukaanza upya. Ndiyo hiyo tu. Sikuwahi kutamani liwe kubwa zaidi.

Baba alifariki kwa homa kabla ya masika kwisha. Nilikuwa na miaka minane. Shangazi, dada yake baba, alinishika mabega akanitazama usoni akitafuta machozi, asiyaone. Mimi mwenyewe niliyatafuta. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua upo, lakini huusikii.

Mama akaingia eda. Hakuna aliyenieleza mipaka ya eda, kwa hiyo nilijichorea mwenyewe. Choo kilikuwa ndani, na mchana sikumwona akivuka kile kizingiti hata mara moja. Nikahitimisha kwamba hawezi; kwamba akikanyaga uani litatokea jambo ambalo watu wazima hawalitaji.

Matanga yalipokwisha, aliniita kutoka ndani. "Mwanangu, gari lako lakwenda?"

"Lakwenda."

"Basi nipakilie ndimu."

Tangu siku ile, kila alasiri nilipotoka chuoni kusoma Kurani, nilipeleka mzigo: ndimu, jani la rehani, pilipili. Nikikawia, mama aliuliza kama dereva kalala njiani. Ndimu zilijaa dirishani mwake, zikaanza kukauka, naye akaendelea kuagiza. Niliziona. Nilidhani walio edani hutumia ndimu nyingi.

Shangazi hakupendezwa. "Nyumba ina msiba, wewe waendesha gari la moshi! Watu watasemaje?"

Mama akajibu kutoka ndani, "Waambie ni la mizigo, wifi, si la abiria."

Shangazi akajikuta anacheka, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Hitma ya arobaini ilipokaribia, Ami Hemedi, mdogo wake baba, alikuja na jembe. Mafiga ya kupikia pilau yangekaa uani, na reli ilikuwa katikati. Nikasimama juu yake.

"Usiing'oe, Ami."

"Nitairudisha, mwanangu. Sogea."

"Mama atapata wapi ndimu?"

Ami alinishangaa. "Kwani yeye hawezi..."

Mama akakohoa nyuma ya mlango. "Shemeji," alisema, "ndimu zangu huja kwa gari. Pilau ipikwe kwa jirani."

Ami alitazama mlango uliorudishwa, akanitazama mimi, akaliweka jembe begani. "Haya, stesheni masta," alisema, "nipitie wapi nisiikanyage njia yako?"

Ninaweza kusema kwa uhakika kwamba katika wiki zile zote nilihisi kitu kimoja tu, nacho ni woga wa reli ile kung'olewa. Haikung'olewa. Ilikula kutu mahali pake, taratibu, miaka mingi baada ya mimi kuiacha.

Mwaka huu, nikiwa na miaka thelathini na minane, nimeingia eda mwenyewe. Tasnifu yangu ya hisabati imelala mezani kama ilivyokuwa asubuhi ile walipokuja kuniita kwa msiba wa mume wangu. Shangazi, ambaye sasa hutembea kwa bakora, amekuja kukaa nami.

"Mbona wajifungia chumbani?" aliniuliza jana. "Uani si kwako? Toka upate hewa."

Nilimwambia kwamba marehemu mama, katika eda yake, hakuwa akitoka.

"Nani kakwambia? Kila alfajiri alikuwa akimwagilia michicha, wewe umelala. Akimaliza husimama chini ya mdimu mpaka kupambazuke."

Nimejaribu kupanga maelezo mengine. Labda alichoka mchana. Labda alipenda tu kulitazama gari likija, na hilo silikatai. Lakini mtu aliyesimama chini ya mdimu alfajiri hana haja ya kuletewa ndimu alasiri. Aliona mtoto asiyeweza kulia, akamtafutia mtu atakayemhitaji. Na kwa kuwa mwingine hakuwapo, akawa yeye.

Nilikuwa bado nalifikiria hilo binti yangu wa miaka sita alipoingia, akitembea kwa uangalifu, na kikombe cha maji ambacho sikukiomba. Tangu baba yake azikwe hajalia. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni. Nilitaka kumwambia kwamba mtungi uko hatua chache tu, naweza kuyafuata.

Sikuwa na kiu. Niliyanywa yote, nikamrudishia kikombe, nikamwambia kiu haijanitoka, aniletee mengine.