Vape yangu inapona town, nikifika Woodley inakufa: nimejua sababu na bado nimechanganyikiwa

Wakuu, niaje.

Huwa nasoma tu hapa kimyakimya, naangalia watu wakipigana kwa comments, naenda zangu. Leo imenibidi niandike. Hii si hekaya ya kutunga, imenitendekea mimi mwenyewe. Mkitaka kucheka chekeni, lakini mwishoni nina swali na naomba mnijibu kama watu wazima.

Mimi ni mvutaji wa sigara aliyeacha. Au anayeacha, sijui niseme aje.

Mzee wangu alivuta tangu ujana na kifua ndicho kilimmaliza. Siku za mwisho alikuwa anaongea maneno matatu, anapumzika, anaongea mengine matatu. Nilikaa hapo kando ya kitanda nikiona. Na bado tulipotoka kumzika nikaenda nyuma ya nyumba nikawasha moja. Msiniulize akili ilikuwa wapi, hata mimi nimejiuliza sana.

Lily, mke wangu, ndiye alisema nijaribu vape. Najua kuna wale watasema vape ni sigara tu imevalia suti. Huenda ni kweli, sitabishana. Ninachojua ni kwamba tangu niinunue sikuwa nimegusa sigara, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Kwa wasiojua, ni kidude kama flash disk iliyonona. Chini kuna betri. Juu kuna pod, kikombe kidogo cha plastiki ambacho unajaza juice. Ndani ya pod kuna coil, kawaya kadogo na pamba. Haina kitufe. Ukivuta hewa inajiwasha, inapasha ile pamba, mvuke unatoka. Basi.

Yangu ilikuwa kama gari ya Mjapani, haijawahi kunisumbua.

Halafu Mama akaja.

Mama anaishi kijijini, Vihiga. Alikuja kwa clinic ya macho na akakaa na sisi hapa Nairobi, mtaa wa Woodley, tumekodi nyumba ndogo nyuma ya ile kubwa ya landlord. Mama ni mtu wa kanisa mpaka ndani ya mifupa. Hajui nilishawahi kuvuta sigara. Mimi ni mtu mzima, nina ndevu zenye mvi mbili tatu, na bado namwogopa Mama kuhusu sigara kuliko ninavyomwogopa landlord.

Jioni ya kwanza tu akanipata nje karibu na kamba ya nguo nikitoa mvuke. Akaingia jikoni, nikamsikia akimuuliza Lily.

"Liliani, hiyo kitu bwana yako ananyonya ni nini?"

Lily akajibu haraka bila kufikiria, "Ni dawa ya kifua, Mama."

Halafu Mama akauliza polepole, "Kifua kama ya baba yake?"

Lily akasema kidogo tu, si sana. Mimi nikiwa hapo nje nikaona nimepona. Tangu siku hiyo sikuificha tena. Nikawa naichaji sebuleni juu ya kabati ya TV, wazi kabisa.

Sasa shida ikaanza.

Asubuhi moja nikavuta, ikakoroma kama mtu anamaliza soda na mrija. Hakuna mvuke. Taa inawaka vizuri, betri imejaa, lakini kinachotoka ni hewa tupu na ladha fulani ambayo sikuielewa.

Nikatoa pod, nikaipuliza, nikaipangusa na tishu. Wapi.

Mimi nafanya kazi town, duka la printing, tunachapisha kadi za harusi na vile vitabu vya mazishi vyenye picha na historia ya marehemu. Lunch nikaenda kwa Shiku, yule dada aliniuzia vape, ana kibanda kwa exhibition moja, yale majengo ya maduka madogo madogo, hapo mjini. Akaniambia coil imeungua, niweke pod mpya. Nikaweka. Mvuke ukatoka mwingi mpaka askari wa jengo akanikazia macho. Nikarudi kazini nimefurahi.

Nikalala vizuri. Nikaamka, ikawa imekufa tena.

Hapo nikaanza kuchanganyikiwa, wakuu. Pod mpya haiwezi kuungua ikiwa imelala.

Nikafikiria ni chaja. Nikanunua nyingine, na pod mpya juu yake. Ikafanya kazi siku mbili, nikamwambia Lily nimepata jibu, ni chaja ilikuwa inaichoma. Jumatatu asubuhi ikakufa.

Nikafikiria ni stima ya nyumba yetu. Nikamsumbua caretaker mpaka akaja na tester, akapima soketi zote, akaniambia hakuna shida na akaondoka akitingisha kichwa. Nikaanza kuichaji kazini tu, nyumbani naiweka pale kabatini bila waya. Ikakufa hivyo hivyo.

Nikafikiria ni baridi. Wale mnaoishi hizi pande za Ngong Road mnajua kuna asubuhi nguo hazikauki. Nikasoma mahali mtandaoni kwamba juice ikipata baridi inakuwa nzito. Nikaifunga kwa soksi. Wakuu, niliivalisha soksi. Lily alinicheka mpaka akakaa chini.

Kilichoniumiza kichwa ni hiki: nikiiwekea pod mpya town, iko sawa siku nzima. Nikienda nayo nyumbani, asubuhi ni maiti. Nikafika mahali nikaanza kufikiria mambo ya ajabu, kwamba labda kuna mtu hataki niache sigara.

Na kwa kweli nilikuwa naelekea kuirudia. Hii sehemu sikutaka kuandika. Siku moja imekufa, kazini kuna presha, mteja anataka vitabu vya mazishi na bado anabadilisha picha. Nikatoka, nikanunua sigara moja kwa mama wa peremende pale kona, nikavuta mpaka filter. Nikarudi nikanawa mikono mara nyingi. Jioni sikuweza kumwangalia Lily. Niliogopa, kwa sababu ilikuwa tamu.

Kesho yake nikaamua lazima nijue. Nikatembea mpaka Ngara kwa Kevo, fundi wangu wa simu. Nikamwambia hii si simu lakini jaribu.

Kevo akaigeuza, akaichungulia, akatoa pod, akaingiza pamba kwa ncha ya kibano mahali hewa inapitia. Pamba ikatoka inang'aa.

"Boss, uliweka nini huku?"

"Juice tu."

"Hii si juice. Hii imeteleza ka mafuta ya kupikia. Imejaa mpaka kwa sensor, ndio maana saa zingine haishtuki ukivuta. Unavutia jikoni?"

"Zii, mimi huvutia nje."

"Basi sijui. Labda juice yako ni ya kuchanganywa. Hawa watu wa town ni wabaya."

Akaisafisha na spirit, akafunga, ikafanya kazi. Ile pamba nikainusa. Kulikuwa na harufu ya maua, kama marashi ya mtu mzee. Niliijua hiyo harufu, lakini sikukumbuka ni ya wapi.

Mimi nikamwamini Kevo kabisa. Nikatoka Ngara nimewaka, mguu kwa mguu mpaka kwa Shiku. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba ananiuzia mafuta.

Shiku hakupandisha sauti. Akachukua chupa ile ile ya juice yangu kutoka mfukoni mwangu, akajaza pod yake mwenyewe, akavuta. Mvuke ukafunika kibanda.

"Iko wapi mafuta?" akaniuliza. "Uliza kwenu."

Wateja wakacheka. Nikaomba msamaha nusu nusu, nikaondoka nikiwa sijui niende wapi. Kila mtu alikuwa na jibu na kila jibu lilikuwa linafungiwa mlango.

Sasa sikieni.

Jumapili hiyo Mama alikuwa ametoka Kangemi. Huko kuna dada yake mdogo, na huwa wanaenda pamoja kanisa moja la mabati hapo karibu na soko. Akaingia, hata hakukaa. Akaniambia, kwa jina analoniita tangu utotoni, "Papa, kaa hapo nikuombee kabla nitoe viatu."

Nikakaa kwa kochi. Kuombewa na Mama si kitu unakataa. Akafungua kibeti, akatoa kachupa kadogo, akajimiminia kidoleni, akanipaka kwa paji la uso. Akaanza kuomba kwa Kiluhya, sauti inapanda.

Nikapata ile harufu.

Maua. Marashi ya mtu mzee. Ile ile ya pamba ya Kevo, sasa inateremka kwa pua yangu.

Nikafungua macho katikati ya maombi. Nyinyi mliolelewa na mama wa kanisa mnajua hiyo ni kesi.

Nikangoja amen. Nikauliza kwa upole, "Mama, hii mafuta ya upako unapaka wapi ingine?"

"Kwa mlango. Kwa kitanda yenu. Kwa kiatu yako ya kazi." Akafunga kachupa. "Na kwa ile dawa yako."

"Dawa gani?"

"Si hiyo ya kifua. Naweka tone mbili pale unaweka mdomo, ukishalala. Ndio Mungu aifanyie kazi. Hospitali walimpa baba yako dawa na hakuna mtu aliiombea. Mimi sikujua. Hii siwezi kuiacha hivyo."

Nilitaka kucheka, wakuu. Nikamwangalia Lily, Lily akaangalia zulia.

Unajua wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa imeishia hapo sebuleni.

Nikamwambia. Kwamba si dawa. Kwamba nilikuwa navuta sigara miaka mingi, na hii kitu ndiyo nimeshikilia ili niache. Kwamba kifua changu hakina kitu, niko mzima. Nilikuwa nimejikaza, nangoja radi.

Mama akakaa. Alikuwa bado na viatu.

"Kwa hivyo haugui?"

"Siugui, Mama."

"Usinidanganye tena. Haugui?"

"Kweli siugui."

Akatoa kitambaa kichwani akajifunika nacho uso. Mabega yakaanza kutetemeka. Nikafikiri ni hasira. Nilipomshika mkono akasema, akiwa bado amejifunika, kwamba amekuwa akifungua maji ya bafu kila asubuhi ili tusisikie akilia. Alikuwa ameshaanza kufikiria atanizika upande gani wa baba.

Nililia. Siwezi kuwaficha, nililia kama mtoto, na Lily pia.

Halafu akafuta uso, akanipa kofi moja la bega, la kweli kabisa. "Na uliona vile baba yako alienda! Uliona na macho yako!" Hapo ndipo radi ilikuja, na ilikaa mpaka chai ikapoa. Sitaandika yote.

Alipochoka kunigombeza akajimiminia ile chai iliyopoa. Akauliza, "Hiyo kitu inakusaidia kuacha kweli?"

Nikasema inanisaidia, isipokuwa haifanyi kazi.

"Basi itengeneze. Na ukimaliza na sigara, umalize na yenyewe pia. Sitaki mwana wa kunyonya vyuma."

Ndiyo hiyo, wakuu. Kesho yake nilienda kwa Shiku nikamwomba msamaha mzima, si nusu, nikanunua pod mpya. Inafanya kazi. Sijarudi kwa mama wa peremende.

Kwa wale walikuja hapa kutafuta msaada wa vape isiyotoa mvuke: kabla ya kuchoma pesa kwa chaja na kusumbua caretaker, toa pod, ingiza pamba mahali hewa inapita, uangalie kinachotoka. Halafu uliza watu wa nyumba yako. Na kama unaficha kitu, jua wanaokupenda hawatakaa bure, watatibu ule ugonjwa uliowaonyesha.

Sasa swali langu.

Nilipomweleza Shiku ilikuwa ni mafuta ya upako, nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniambia mafuta hayafai kabisa kuvutwa, yakiingia kwa mapafu hayatoki kwa urahisi, yanaweza kuleta ugonjwa wa kifua. Akaniambia nikaonwe na daktari. Nilienda, nikasikilizwa kifua, nikaambiwa kiko sawa kwa sasa, nikisikia kukohoa au pumzi kukatika nirudi mara moja.

Mama hajui hii sehemu. Amerudi Vihiga akiwa na furaha, anaambia kila mtu kule kanisani kwamba mtoto wake haugui. Jana amenipigia akasema anashukuru Mungu kwa sababu kwa ile ya baba alichelewa, lakini angalau kwangu alifanya kitu.

Nilimwambia, "Asante, Mama."

Nyinyi mngemwambia?