Njoo Jumamosi

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nikiwa naosha vyombo. Ikinijia nasonya, na wewe unaniuliza kwa Kiingereza chako nimeona nini.

Mimi si mzee. Sina mvi, na magoti yangu bado yanapanda ngazi za nyumba yetu hapa Columbia Heights, Marekani, bila kulalamika. Lakini nasaha hazingoji mvi. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu sina, na majuto ninayo tayari. Kwa hiyo kaa chini, na weka simu mbali.

Wakati huo ulikuwa na miaka miwili. Siku za wiki nilihudumia wagonjwa kule Coon Rapids, na Jumamosi nilitengeneza laptopu kwenye meza ya jikoni. Kazi hiyo nilianza kujifunza Nakuru nilipomaliza kidato cha nne, halafu Mzee Ouma, fundi wa siku nyingi, akaninoa hapahapa, kwenye gereji yake. Si kazi ya kubadilisha kioo. Hiyo kila mtu anaiweza. Mimi nilikuwa nafungua bodi yenyewe, naipima kwa mita laini baada ya laini, hadi nipate mahali umeme unapopotelea. Watu wa kanisa walinisifu. Na sifa, nakwambia, hulevya kuliko pombe.

Ndipo akaja Mama Amani, mjane kutoka Kongo, mwenye mtoto mmoja. Alipanda mabasi mawili, laptopu ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Ilikuwa imemwagikiwa chai na haikuwaka tena.

"Dada," aliniambia, "mule ndani muko sauti ya baba ya Amani. Iko anamuombea, anamutaja jina. Amani alikuwa bado kwa tumbo, baba akakufa kule kambi ya wakimbizi. Ile sauti njo baba yenye mutoto iko naye."

Nikampa kiti, nikapima mbele yake. Laini ya volti tatu, inayolisha chipu ya kuhifadhi mambo yote, ilikuwa na shoti: umeme unaingia na kuzama kama maji kwenye mchanga. Nikafurahi. Shoti ya namna hiyo mara nyingi huwa ni kapasita moja iliyoharibika, kifaa kidogo kuliko punje ya mchele. Ukiitoa, kompyuta inaamka.

"Mama Amani, hiki ni kitu kidogo. Njoo Jumamosi."

Akashuka ngazi akiimba.

Kuipata kapasita hiyo, unaingiza umeme kidogo kutoka kwa mashine ya kuongeza na kupunguza volti, unapaka spiriti kwenye bodi, unaangalia inakauka wapi kwanza. Penye joto ndipo penye ugonjwa. Laini ya volti tatu huianzishi kwa zaidi ya volti moja. Hilo Mzee Ouma alinikaririsha kama amri za Mungu.

Mashine yangu ilikuwa imebaki kwenye volti kumi na tisa, za laptopu niliyomaliza asubuhi. Na mimi nilikuwa na simu begani, nagombana na baba yako, aliyesema atakuja kukuchukua na hakutokea. Sikufichi, nilikuwa namtukana vizuri sana. Nikagusisha waya bila kuangalia. Kapasita ikapasuka, na ilipopasuka umeme wote ukasonga mbele hadi kwenye chipu. Pa! Moshi mwembamba kama uzi, na chipu imetoboka katikati. Hasira hasara, watu husema kwa urahisi. Mimi niliinusa.

Na usiende kumlaumu baba yako. Waya ulikuwa mkononi mwangu.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia mwenyewe siku ileile. Kuna ugonjwa wetu mafundi, tuwe wa cherehani, wa viatu, wa bodi: midomo yetu imezoea neno moja. Jumamosi ilipofika na Mama Amani kusimama mlangoni, neno likatoka lenyewe. "Bado kidogo. Nimeagiza kifaa. Njoo Jumamosi." Alikuwa ameniletea sombe, kisamvu cha kwao. Nikaila, na ilikuwa tamu. Jumamosi iliyofuata, njoo Jumamosi. Na iliyofuata hiyo. Kanisani nikawa natokea mlango wa nyuma.

Siku Mzee Ouma alipopita kuazima hadubini yangu, bodi ilikuwa bado chini yake. Akainama, akatazama.

"Nani amechoma hii?"

"Ilimwagikiwa chai, Mzee."

"Chai!" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Chai ya wapi hiyo inatoboa chipu? Inanywewa na nani? Wacha mchezo, binti yangu. Mwenyewe anajua?"

"Ni ya Mama Amani. Huja kila Jumamosi kuiulizia. Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Mzuri kwa nani?"

Nikazima taa ya hadubini.

"Kuchoma chipu ni ajali ya kazi, hata mimi nimechoma. Lakini kumpandisha mjane mabasi kila wiki kuja kutazama maiti, hiyo ni ajali gani? Vaa viatu."

Nikavaa. Alinipeleka kwa gari lake hadi nyumbani kwa Mama Amani, na yeye hakushuka.

Nilimwambia kabla sijaketi. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: ilikuwa lini? Nikasema, siku ileile uliyoileta, hata hujafika kituo cha basi. Akahesabu wiki kwa vidole. Kisha akanieleza kwamba sauti ile ilirekodiwa kwanza kwa simu ya shemeji yake, na simu hiyo shemeji alikuwa nayo bado kule kambini, kioo kimevunjika. Wiki mbili nyuma shemeji alimpigia kumuuliza aifanyie nini.

"Nikamuambia, achana nayo, fundi wangu iko anatengeneza, Jumamosi itakuwa tayari. Akaibadilisha kwa muchuuzi. Bakamupa beseni."

Beseni, mwanangu. Beseni la kuogea.

Tulimpigia shemeji palepale, akamkimbilia mchuuzi. Mchuuzi akasema simu mbovu huzipakia kwenye magunia, na gunia lile lilishaondoka. Chipu niliichoma kwa dakika moja ya upumbavu. Lakini simu ile niliitupa mimi, polepole, Jumamosi moja baada ya nyingine, nikiwa na akili zangu timamu. Hilo ndilo linalonichemsha hadi leo, na sina wa kumkasirikia isipokuwa nafsi yangu.

Mama Amani hunisalimia kila Jumapili, kwa mikono miwili. Sijui anaitoa wapi nguvu hiyo. Mwaka jana Amani mwenyewe alinifuata kwenye maegesho ya kanisa, akaniuliza kama niliwahi kuisikia sauti ya baba yake, imekaaje, nene au nyembamba. Nikamwambia ukweli. Sikuwahi kuisikia, na aliyefanya isisikike tena ni mimi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Basi shika haya. Kabla hujagusa kitu cha mtu, pima. Na kabla hujapima, jipime mwenyewe, kama umekasirika weka vyombo chini. Ukiharibu, na utaharibu, sema siku hiyohiyo, kabla hujanawa mikono. Mficha maradhi kilio humuumbua, ndiyo, lakini wanaolia mara nyingi ni wengine. Mtu akijua kitu chake kimekufa, atatafuta mlango mwingine. Ukimpa matumaini ya uongo, umeufunga mlango huo na yeye anakushukuru.

Mungu akupe kazi ya mikono yako, mwanangu, na ulimi usioogopa kupeleka habari mbaya. Akupe mtu wa kukushika sikio mapema, mapema kuliko nilivyoshikwa mimi. Na wale watakaokukabidhi vitu vyao, walale usingizi. Amina.