Sifuri kwenye Karatasi ya Usingizi

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume hapa Likasi, miaka ile mishahara ilipogeuka hadithi, sisi wauguzi tukalima matembele nyuma ya wodi ili watoto wale. Sisemi hivyo nijitetee. Nimechoka kujitetea.

Daktari wetu hakuwa na mashine ya kupima usingizi. Alikuwa na karatasi na kichwa kigumu. Kila mgonjwa wa moyo akilala mchana, muuguzi akae kando yake saa nzima, ahesabu mara ngapi pumzi inakatika, aandike. Ambaye pumzi yake inakatika asipewe dawa ya usingizi, maana itamlaza mno, ashindwe kushtuka na kuvuta hewa. Nilimwelewa vizuri sana.

Siku moja ikawa zamu ya mzee mmoja, fundi wa vyuma, aliyekoroma hadi wenzake wakamwita garimoshi. Mke wake alikaa kwenye mkeka, amemshika kidole gumba cha mguu. Pumzi ikikatika, anakivuta. Mzee anashtuka, anapumua.

“Mama, unafanya nini?”

“Mama munganga, akilala, pumuzi inasimama. Njo maana namuvuta. Minye silalaka tena.”

Nilipaswa kumwambia auachie mguu, nikae nihesabu. Lakini jua lilikuwa likiunguza matembele yangu, nikaenda kuyamwagilia. Niliporudi, mzee ameshaamka. Nikaandika sifuri, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jioni mzee akamlalamikia daktari kwamba hapati usingizi. Daktari akaisoma karatasi yangu, akamwandikia kidonge. Alikuwa bado mlangoni, ningeweza kumwita. Nikaogopa kugombezwa mbele ya wodi nzima, mtu mzima kama mimi. Nikampa mzee kidonge na kikombe cha maji kwa mkono wangu. Kisha nikamgeukia mke wake, ambaye macho yake yalikuwa yameiva kwa kukesha.

“Mama, enda ku nyumba, ulale. Leo atalala muzuri.”

“Na pumuzi yake?”

“Tutaiangalia.”

Akaniamini, akaenda. Nami zamu yangu ikaisha, nikafunga mboga zangu kwenye kitenge nikaondoka, bila kumwambia neno muuguzi aliyenipokea. Asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa upya. Daktari alikuwa ameandika kwamba moyo umesimama.

Baada ya maziko yule mama alikuja wodini. Nilipomwona nilitamani kujificha chooni. Akanishika mikono yote miwili.

“Asanti, mama. Weye ulinionea huruma. Lakini minye njo nilimuua bwana yangu, sababu nililala.”

Karatasi ilikuwa kwenye faili, hatua tatu kutoka pale tuliposimama. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso, nami nikamwacha aende nyumbani akiamini kwamba usingizi wake ndio uliomuua mumewe.