Shuka Jeupe Juu ya Dashibodi

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Issenye. Gari tulilokodi Mwanza lilikuwa na dereva kijana, mpole, na tulipofika tu kwa wafiwa, kabla hajashuka, alitoa kitu kinachong'aa kilichokunjwa, akakifungua na kukisimamisha ndani ya kioo cha mbele. Nikamwuliza cha nini. "Jua, mama," akasema. "Dashibodi ikishapasuka, gari limekwisha sura." Wenzangu walitangulia kwenye turubai. Mimi nilibaki nimesimama pale na mkoba mkononi, kwa sababu harufu iliyonijia haikuwa ya vumbi la Issenye. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyochemka, na ilinirudisha Busawe, nikiwa na miaka minane.

Nikueleze kwanza tulifikaje huko, maana sisi si watu wa Mara. Wazazi wangu ni Wanyakyusa wa Tukuyu, kwenye mvua na migomba, ambako nguo hukaa kambani siku tatu na bado zina ubichi. Serikali ilimpeleka baba Busawe kuwa bwana mifugo, na mama akawa nesi kwenye zahanati ya kijiji. Tukapewa nyumba ya bati ya vyumba viwili, ya mwisho kwenye mstari. Nasema mstari kwa sababu kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani, wakapangwa wamenyooka kama wanafunzi kwenye paredi, na kila mti uliokaa njiani ulikatwa. Kivuli kilikuwa cha ukuta wa nyumba yako tu, nacho kilikuwa kinahama.

Sitaki udhani kila kitu kilikuwa kibaya. Asubuhi niliamshwa na mwalimu akigonga rimu ya gari iliyoning'inizwa shuleni, na kengele za ng'ombe zikishuka mtoni. Tulikunywa uji wa wimbi usio na sukari, maana sukari ilikuwa ikija kwa mgao, na mgao wenyewe ukija siku ukijisikia. Sabuni ikikosekana mama alifulia majani ya mpapai, na mikono yake ikanukia kijani wiki nzima. Bibi jirani alituletea maziwa mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, masikio yametobolewa hadi ndewe zinagusa mabega, na Kiswahili chake alikiokota akiwa mtu mzima. Baba yangu, ofisa wa serikali mwenye kalamu mbili mfukoni, bibi alimwita "mura," kijana, na baba akaitika.

Kilichotutofautisha na wengine kilikuwa gari. Baba alilinunua kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao: gari dogo la bluu, viti vyeusi, dashibodi nyeusi inayong'aa kama kiatu cha askari. Lilitufikisha Busawe, likatembea miezi minne, kisha giaboksi ikafa. Fundi alikuja kutoka Tarime kwa baiskeli, akalala chini yake nusu siku, akatoka na kipande cha chuma kiganjani. Alisema kipuri kama kile hakipo Musoma wala Mwanza. Kilikuwepo ng'ambo, Kenya, mwendo mfupi tu baada ya Sirari, lakini mpaka ulikuwa umefungwa.

"Utafunguliwa lini?" baba aliuliza.

"Mzee, mimi ni fundi wa magari," alisema fundi, akafunga baiskeli yake mizigo akaondoka.

Basi gari likakaa uani, na sisi tukakaa nalo. Baba aliomba uhamisho mara mbili, hakujibiwa. Mama alikuwa na mama yake mgonjwa Tukuyu, barua zilikuja zimechelewa miezi, na chini ya kitanda chao kulikuwa na sanduku lililopangwa nguo tayari kwa safari. Kila jioni aliuliza habari za mpaka kama watu wengine wanavyouliza habari za mvua. Baba alimjibu vilevile kila siku: "Gari likipata kile kipuri, siku ya pili tuko njiani."

Hapo ndipo baba alipoanza kupigana na jua. "Injini inaweza kungoja," alikuwa akisema. "Dashibodi haingoji." Aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Bibi jirani alimshauri aipake samli kama anavyopaka ngozi yake ya kulalia. Baba akamweleza kwa upole kwamba mafuta yangeikaanga. Alitandika juu yake shuka jeupe, moja kati ya mawili ambayo mama alipewa alipoolewa. Mama aliangalia likichukuliwa. Nje alifunika kioo cha mbele kwa gunia. Vioo vya milango aliviacha wazi upana wa kidole ili joto litoke, kisha akang'oa vile vikono vya kushushia akavificha kabatini, watoto wa shule wasichezee. Mara moja kwa mwezi vijana walilisukuma gari, likageuzwa mgongo kwa jua la mchana. Betri ilikuwa ndani ya nyumba ikiendesha redio.

Pamoja na hayo yote jua lilipata njia. Likianza kushuka magharibi, mwale ulipenya pembeni na kupiga upande wa kulia wa dashibodi. Kwa hiyo nilipewa kazi: nikitoka shule saa saba, niingie garini nilivute shuka upande ule. Mlango wa dereva tu ndio uliofunguka, tena kwa nje, kwa kubonyeza kitufe kwenye kishikio. Kishikio cha ndani kilikuwa kimekatika. Nilifundishwa kuuwekea mlango jiwe usijifunge, na mwaka mzima sikusahau.

Siku ile sikusahau pia. Jiwe nililiweka. Jana yake upepo wa vumbi ulikuwa umepiga kijiji, baba akapandisha vioo vyote hadi juu, na asubuhi akaondoka kwa baiskeli kwenda mkutanoni Mugumu bila kuvishusha. Mama alikuwa zahanati, upande wa pili wa kijiji. Watu wengine wote walikuwa kwenye shamba la kijiji, palizi ya pamba. Niliingia, nikapiga magoti kwenye kiti, nikavuta shuka. Upepo ukaja mara moja tu, kama mtu aliyepita akisukuma. Jiwe likateleza. Mlango ukapiga.

Mwanzoni nilicheka. Nikatafuta kishikio, nikakumbuka hakipo. Nikatafuta kikono cha kioo, nikakumbuka kiko kabatini. Nikabonyeza honi, na honi bila betri ni duara la plastiki tu. Nikaita. Sauti yangu ilinirudia masikioni ikiwa nene, kama nimefunikwa sufuria. Mbele yangu palikuwa na gunia, sikuona nje, na mtu wa nje asingeniona.

Joto la humo siwezi kukueleza vizuri. Viti vilinichoma mapaja, nikapanda juu ya shuka, nikalala pale kwenye dashibodi yenyewe kama mjusi, kisha nikashuka maana pale palikuwa pabaya zaidi. Jasho lilitoka, halafu likaacha kutoka. Niliona ufa mdogo karibu na mahali pa redio, ufa ambao baba alikuwa bado hajauona, na nikaanza kufikiri jinsi ya kumwambia.

Na sasa ndiyo sehemu ambayo sikuisimulia kwa miaka mingi. Chini ya kiti kulikuwa na spana kubwa ya magurudumu. Niliitoa. Niliinyanyua kwa mikono miwili mbele ya kioo cha mlango. Nilikuwa na nguvu za kutosha, kioo kilikuwa karibu, na nilijua kabisa kwamba hewa iko upande ule. Sikupiga. Nilimsikia baba akisema kama alivyokuwa akimwambia mwalimu mara nyingi, kioo cha gari hili nchi nzima hakipatikani. Nikaishusha spana, nikaipakata, nikakaa.

Bibi jirani hakwenda shambani siku ile kwa sababu ya mguu uliokuwa ukimsumbua. Alikuwa anamtafuta kuku wake. Baadaye alisema, "Niliona ile gari inatingishika, na haina mtu." Alizunguka pembeni akaniona. Nakumbuka uso wake umebanwa kwenye kioo, ndewe zikining'inia, mdomo ukisema maneno nisiyoyasikia. Alivuta kishikio. Akakivuta tena kwa mikono miwili, mguu mmoja umekanyaga mlango. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kufungua mlango wa gari. Kisha akatoweka, na mimi nikafikiri amekwenda zake, nikafumba macho.

Alikuwa amekwenda kuleta mchi.

Pigo la kwanza kioo kiliota utando mweupe. La pili kikamwagika chote mapajani mwangu. Alinitoa dirishani kama anayetoa ndama, akanimwagia maji ya mtungini kichwani, akanibeba kifuani hadi zahanati, na mguu wake ule mbovu, huku akipiga kelele kwa lugha yake njia nzima.

Baba alirudi jioni, jua bado liko juu ya vilima. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka barazani, midomo imepakwa samli. Bibi alikaa karibu yangu. Niliona gurudumu la baiskeli likisimama, nikaona viatu vya baba vikielekea kwenye gari.

"Nani amevunja kioo?"

Akapitisha mkono kwenye dirisha lililobaki tupu.

"Nauliza, nani amevunja kioo hiki?"

"Mimi," alisema bibi.

"Bibi, jamani! Ungebonyeza tu hiki kitufe. Tazama. Hivi tu."

Bibi alisimama taratibu. "Mura," alisema, "mimi sijui kitufe. Mtoto ndiyo najua."

Ndipo baba alipogeuka akaniona. Mama alitoka ndani na ile spana mkononi. Hakupaza sauti. Sijawahi kumsikia akizungumza taratibu namna ile.

"Bibi amemkuta ameipakata hii," alisema. "Alikuwa na spana, baba yake. Muulize kwa nini hakupiga."

Baba alichuchumaa mbele yangu. Alikuwa na vumbi la Mugumu kwenye kope. "Kwa nini hukupiga, mwanangu?"

"Kioo hakipatikani," nikamwambia.

Kisha akanyanyuka akaenda nyuma ya nyumba, na mama akanizuia nisimfuate.

Kesho yake alilitoa shuka garini, akalikung'uta vipande vya kioo, akalifua mwenyewe kwa majani ya mpapai, mwanamume mzima, mbele ya kijiji, akalianika. Hakulirudisha tena. Katika miezi michache dashibodi ilipasuka kama bwawa lililokauka, kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma, na mama akapangua lile sanduku akarudisha nguo kabatini. Alilima bustani ya mchicha nyuma ya zahanati. Mama yake alifariki Tukuyu kabla hatujatoka, na hakumzika. Kumbuka hilo unaponisikia nikiyasifu maziwa ya kibuyu.

Uhamisho ulikuja miaka mitatu baadaye, tukaondoka juu ya lori la pamba. Gari tuliliacha.

Baba alikuwa mzee sana, amestaafu Tukuyu, siku aliponiambia bila kuulizwa, tukiwa tunamenya ndizi jikoni, "Siku ile nilikiona kioo kabla yako." Nikamwambia nilikuwa nimelala kivulini, asingeweza kuniona. "Ungeonekana," akasema. "Mimi ndiye sikutazama." Akaendelea kumenya. Hatukulizungumza tena, na mwaka uliofuata tukamzika.

Nilipomaliza msiba wa Issenye nilimwomba yule dereva anipitishe Busawe. Mstari wa nyumba haupo. Watu walikwishatawanyika tena kwenye mashamba yao, miti imeota inavyotaka, na zahanati ni nyingine, ya matofali. Nilimkuta mama mmoja anaanika mtama, nikamwamkia, nikamwuliza kama anamkumbuka bibi mmoja mrefu, mwenye mguu mbovu, aliyekaa jirani na bwana mifugo. Alijitahidi kukumbuka, akaniuliza, "Jina lake nani?"

Nikafungua mdomo. Mwanamke yule alinibeba kifuani kwake kijiji kizima, nimekunywa maziwa yake miaka minne. Sisi tulimwita bibi tu. Jina lake sikuwahi kuliuliza, na waliokuwa wanalijua nyumbani kwetu wamekwisha.