Pumba za Mma-Boikanyo

Siku hizi mtoto anayekwama kwenye neno hupewa simu imtamkie, lakini zamani kule kijijini Mosetlheng aliwekewa pumba za mtama kiganjani akaambiwa azirushe kwa neno hilohilo.

Aliyeweka pumba hizo hakuwa mwalimu. Alikuwa mpishi wa shule, mjane mnene mwenye mkono wa kulia uliokuwa mkubwa kuliko wa kushoto kwa sababu ya kukoroga uji wa watoto wengi miaka mingi. Watu walimwita Mma-Boikanyo, yaani Mama Boikanyo, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kusoma hakujua, hata jina lake akiandikiwa. Lakini vinywa alivijua kama mfugaji anavyojua kwato.

Chakula chake kilikuwa na sharti. Mtoto akifika mbele ya sufuria na bakuli lake, Mma-Boikanyo alichota pumba kidogo kwenye ungo, akamwekea kiganjani, akasema, "Haya, nisikie." Kitswana kina maneno ambayo herufi tatu au nne zinabanana mlangoni kabla irabu haijapata nafasi ya kupita: tlh, tshw, kgw. Mtoto mwenye ulimi mzito huchagua moja na kuziacha nyingine nje. Akizitamka zote kwa pamoja, pumzi hutoka kwa kishindo na pumba zinaruka. Asipozitamka, pumba hubaki palepale zikimtazama.

"Zinakucheka hizo," alikuwa akisema. "Rudi nyuma ya mstari, baba, uende ukajipange na huo ulimi wako."

Hakuna aliyelala njaa. Wa mwisho kwenye mstari alipata ukoko, na ukoko wa Mma-Boikanyo ulikuwa mtamu kiasi kwamba wajanja wengine walikosea kwa makusudi. Aliwajua wote kwa majina, na bado aliwapa.

Rre Molatlhegi, yaani Mzee Molatlhegi, aliyaona haya kila siku kutoka kibanda cha mashine ya maji. Kisima cha kijiji kilikuwa pembeni ya uwanja wa shule, na kazi yake ilikuwa kuwasha injini, kuilisha dizeli na kuitukana ikigoma. Alikuwa mtu mkavu, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Ujanani aliwahi kwenda migodini ng'ambo ya mpaka, na huko barua za mkewe alisomewa na karani wa duka, mbele ya wateja. Karani yule alikuwa na tabia ya kutua kidogo kwenye sentensi tamu ili watu wapate nafasi ya kucheka. Rre Molatlhegi hakumsamehe. Alipofika miaka thelathini na minane alijifundisha kusoma peke yake, kwa maandishi ya madebe ya oili na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, na tangu hapo aliamini kwamba lolote analoweza mtu kufundishwa, Molatlhegi anaweza kujifundisha mwenyewe.

Ndipo binti yake aliyekuwa akifanya kazi mjini Francistown akamletea mjukuu, Gasebalwe, wa miaka saba, aanze shule.

Mtoto alikuwa na macho makali na mdomo mzito. Huko mgeni haulizwi anatoka wapi kabla ya kuulizwa anacheza nini, na jibu lake ni mnyama wa ukoo wake. Ukoo wa Rre Molatlhegi walicheza nyani, yaani tshwene. Siku ya kwanza wenzake walimzunguka Gasebalwe wakamuuliza.

"Sene," akasema.

"Nini?"

"Sene!"

"Anacheza sene! Jamani, huyo mnyama ana mkia?"

Alirudi kibandani na machozi yaliyokauka shavuni, akakaa juu ya debe mpaka injini ilipozimwa.

Mwalimu mkuu alikuwa Phofuetsile, kijana aliyetoka chuoni na suruali zenye mkunjo uliochongoka kama kisu. Hakuwa mbaya. Alikuwa na madawati arobaini na watoto kumi na wawili waliosubiri nje, basi akaweka kanuni: kabla shule haijafungwa kwa msimu wa kulima, kila mtoto mpya atasoma kwa sauti chati ya herufi zinazoungana. Atakayeshindwa atampisha mwingine, arudi mwakani.

"Mwakani ni mbali, Mwalimu," alisema Rre Molatlhegi, kofia mkononi.

"Ni mwaka mmoja tu, Mzee."

"Kwa mtoto wa kike aliyepelekwa kuchunga mbuzi, mwaka hauwi mmoja."

"Basi mfundishe."

Angeweza kuvuka hatua arobaini hadi jikoni akasema, Mma, nisaidie. Hakuvuka. Alikuwa ameona pumba zinavyoruka mara elfu, sasa pumba ni kitu cha kumwomba mtu? Shida ni kwamba nyumbani kwake hapakuwa na pumba. Tangu mkewe afe hapakuwa na aliyetwanga. Kinu kilikaliwa na kuku, naye alikula unga wa duka, ule mweupe uliosagwa ukawa laini kama poda. Akachota unga huo, akamwekea mjukuu kiganjani.

"Sema tshwene."

"Sene," akasema Gasebalwe, na unga ukapaa.

Mzee alishtuka kwa furaha. Mtoto alifurahi zaidi. Kwa wiki tatu, kila jioni kabla jua halijazama, walikaa mlangoni mwa kibanda wakipeperusha unga hadi ndevu za babu zikawa nyeupe kuliko Mungu alivyozipanga. Masikio yake yaliyoharibiwa na injini hayakusikia tofauti. Macho yaliona unga unaruka, yakatosheka.

Siku tisa kabla ya kufunga shule, Phofuetsile aliwasimamisha watoto wapya. Gasebalwe alitoka mbele akitembea kama bibi harusi. Mwalimu akaonyesha kwa fimbo safu ya kwanza, herufi tshw na neno lake, tshwene. Mtoto akasoma, "Sene," kisha akapuliza, fuuu, kwenye kiganja kitupu. Darasa zima liliangua kicheko. Akasoma ya pili, akapuliza. Ya tatu, akapuliza. Hakuelewa wanacheka nini, maana kila kitu alikuwa amekifanya kama alivyofundishwa.

Mchana huo Mma-Boikanyo alivuka zile hatua arobaini mwenyewe, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Molatlhegi, mtoto umemfundisha nini wewe? Kuzima mishumaa?"

"Nimemfundisha kama unavyofundisha."

"Kwa pumba zipi?"

Gasebalwe, aliyekuwa juu ya debe lake, akajibu kwa niaba ya babu, "Kwa unga, bibi. Ule wa dukani."

Mma-Boikanyo alijishika kiuno, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Unga wa dukani! Huo hata nikikohoa mimi nikiwa jikoni unaruka. Masikini baba wa watu. Pumba ni nzito, Molatlhegi. Haziondoki kwa mtu anayepumua tu. Zinataka neno."

"Hatuna pumba nyumbani," akasema, na ilimchoma kusema hivyo kuliko kitu chochote tangu karani yule wa duka.

Mwanamke akaacha kucheka. "Najua. Kuku wako wanatagia kinuni, kijiji kizima kinajua. Nipe mtoto."

Tangu siku ile, kila baada ya masomo, alimsimamisha Gasebalwe upande wa pili wa kinu cha shule, akampa mchi mfupi. Kutwanga kwa watu wawili kuna adabu yake. Mchi wako ukiingia, wa mwenzako unatoka. Ukiwahi, michi inagongana. Ukichelewa, mtama unapoa na mwenzako anakuona mvivu. Mma-Boikanyo aliifanya michi iseme. Wake ukishuka alitoa sauti ya kwanza ya neno, na wa mtoto ukishuka naye alitoa inayofuata. Mwanzo zilikuwa mbalimbali, kila moja na pigo lake. Kisha akazidisha kasi. Akazidisha tena.

"Usinisubiri! Ingia nikitoka!"

"Nachoka, bibi."

"Choka ukiwa unatwanga. Tena!"

Rre Molatlhegi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na mitano: alizima injini kabla ya saa yake, ng'ombe wakilalamika kwenye birika la kunyweshea, ili asikie. Siku ya nne sauti mbili zilikuwa bado zinafukuzana. Siku ya sita zikashikana mikono. Siku ya nane Mma-Boikanyo aliweka mchi chini, akapeta, akachota pumba za mtama waliotwanga wenyewe, nzito, zenye maganda mekundu, akaziweka kwenye kiganja cha mtoto kilichokwisha kuota malengelenge.

"Unacheza nini, mwanangu?"

"Tshwene," akasema Gasebalwe, na pumba zikamwingia bibi machoni.

Kesho yake shule ilikuwa inafungwa. Phofuetsile alikuwa ameshaandika majina ya walioshindwa, na kanuni yake haikuwa na nafasi ya kusikiliza mtoto mara mbili. Rre Molatlhegi alimwomba asubuhi, akakataliwa kwa heshima zote. Adhuhuri, walimu, kama kawaida, walipanga mstari nyuma ya watoto na sahani zao. Mwalimu mkuu akafika mbele ya sufuria. Upawa ukabaki juu hewani.

"Mma?"

"Kila mtu hapa anakula kwa neno, Mwalimu."

"Mimi pia?"

"Wewe nakusamehe, ulimi wako umesoma. Ila leo neno lako atalisema huyu." Akamsukuma Gasebalwe mbele. "Lete hiyo chati yako. Akikosea, nakupa chakula na ukoko juu yake."

Phofuetsile alitazama sahani tupu, akatazama macho themanini ya watoto, akamtuma mtoto mmoja alete chati. Gasebalwe alisoma safu ya kwanza, kiganja mbele, pumba zikaruka. Ya pili, zikaruka. Kwenye safu ya mwisho alikwama, akafumba macho, akainua mikono miwili kama ameshika mchi, akaishusha, na neno likatoka zima. Mwalimu alichomoa kalamu mfukoni, akafuta jina moja kwenye karatasi yake.

"Sasa nipe chakula, Mma."

Upawa ukashuka, umejaa kupita kiasi. Nyuma ya ukuta wa kibanda, Rre Molatlhegi alikuwa anapangusa mikono yake isiyokuwa na oili, anapangusa tu.

Miaka minne ilipita. Mashine ya dizeli ya kusaga ikaletwa kijijini, kisha shule ikaanza kuletewa unga uliokwisha kusagwa, kwenye magunia yenye maandishi, na kile kinu cha kutwangia kikapigwa na jua hadi kikapasuka. Watu walifurahi kwamba wamepumzishwa. Hakuna aliyeuliza pumba zimekwenda wapi. Watoto walipewa uji bila kusema neno, maana mkaguzi alisema kuwachelewesha watoto kula ni kuwaonea, na wale wenye ndimi nzito walikaa nyuma ya darasa na kuitwa wajinga kwa utaratibu.

Kisha ikaja barua kutoka idara ya elimu. Mpishi wa shule sharti awe na cheti. Karani wa idara aliiandika kwa Kitswana ili mhusika asije akasema hakuelewa.

Mma-Boikanyo hakumpelekea Phofuetsile amsomee, wala mtu wa duka. Alimwita Gasebalwe, aliyekuwa darasa la tano. Walikaa juu ya kinu kilichopasuka, bega kwa bega, na Rre Molatlhegi aliwaona kutoka mlangoni mwa kibanda. Injini ilikuwa imezimwa. Mtoto alisoma polepole, kwa sauti safi, kila herufi mahali pake, barua iliyosema kwamba bibi huyu hahitajiki tena kuanzia mwisho wa mwezi. Alipofika katikati akameza neno moja.

"Rudia hilo," akasema Mma-Boikanyo.

"Bibi, lakini wanasema..."

"Nimesikia wanachosema. Hilo neno hukulirusha. Rudia."

Gasebalwe akajifuta pua, akalirudia. Mwanamke akaweka kiganja chake kitupu mbele ya mdomo wa mtoto, akasikia pumzi ikigonga ngozi, akaitika kwa kichwa.

"Enhe. Endelea."

Jumamosi lori lilimchukua kwenda kwa mwanawe huko Jwaneng, na Januari binti wa Rre Molatlhegi alimchukua mtoto akasome mjini. Mzee hakuwaona tena wakiwa pamoja. Alichobaki nacho ni kule kuwaona juu ya kinu, kichwa kimoja cha kilemba na kimoja cha nywele fupi, wakiisoma barua ile hadi nukta ya mwisho, bila kuruka herufi hata moja.